Modeli ya matofali imegoma: kutafuta chanzo, kurekebisha na kusafisha

Mtu akiniletea modeli ya matofali ya plastiki ya kuchezea iliyogoma, neno la kwanza huwa lilelile: "Mota imekufa." Mara nyingi mota ni nzima kabisa. Tatizo liko njiani, kati ya mota na tairi: ekseli (kijiti kinachozungusha tairi na gia) imebanwa, gia zimekaa vibaya, fremu imepinda, au uzi wa zulia umejiviringisha mahali ambapo macho hayafiki. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na vidole, unapita kwenye fremu na gia, ndipo unafika kwenye betri na mota. Mpangilio huo unaokoa pesa pia, maana mota ndiyo kipande ghali, na ndicho wazazi wanachokimbilia kununua upya.

Nazungumzia modeli zenye mwendo: lori, winchi, kreni, kichwa cha treni ya TAZARA, mashine ya kumenya kahawa ambayo mtoto ameiona Mbozi akataka kuijenga. Iwe ni LEGO Technic au seti za Kichina zinazoingiliana nayo, kanuni ni moja. Kwenye bimu, yaani zile fito zenye tundu, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalofuata ni milimita 8. Ishike namba hiyo, tutaihitaji kwenye gia.

Kabla ya yote: kipimo cha vidole

Chomoa mota kwenye modeli. Usiifungue, itoe tu mahali ilipochomekwa. Sasa shika kwa vidole viwili ile ekseli iliyokuwa ikizungushwa na mota, uizungushe taratibu mizunguko kadhaa, tairi zikiwa hewani.

Ikizunguka kwa wepesi mwanzo hadi mwisho, mitambo iko sawa na tatizo liko kwenye betri, waya au mota. Ikiwa nzito muda wote, kuna kitu kinabana: bushi (kipete kinachozuia ekseli isichomoke), pini (kijiti kifupi kinachounganisha bimu) au fremu. Ikiwa nyepesi kisha ikagoma mahali palepale katika kila mzunguko, ekseli imepinda, au kuna mchanga katikati ya meno ya gia.

Ukishajua kuwa ni nzito, igawe modeli nusu kwa nusu. Toa gia moja ya katikati, zungusha upande wa mota, halafu zungusha upande wa tairi. Upande mzito ugawe tena. Hata kreni yenye gia ishirini utamfikia mkosaji wake haraka kwa njia hii, na mtoto wa darasa la nne anaiweza. Mwache aifanye mwenyewe, kwa sababu akili ya ufundi inajengeka hapo.

"Mota inanguruma lakini gari halitembei"

Zima kwanza. Mota iliyozuiwa isizunguke inavuta umeme mwingi na kuchemka upesi. Usiiache inanguruma wakati unatafakari.

Chanzo kinachoongoza, tena kwa mbali, ni bushi zilizosukumwa mpaka zikabana bimu. Mtoto anaogopa ekseli isichomoke, kwa hiyo anazikandamiza pande zote mbili kwa nguvu zake zote. Kila bushi iliyobana ni breki. Lori lenye ekseli nne linaweza kuwa linavuta breki nane bila mtu kujua. Sukuma ekseli kushoto na kulia: ni lazima icheze kidogo, kiasi cha unene wa vocha ya simu. Isipocheza, rudisha bushi nyuma kiasi hicho. Modeli nyingi huamka hapo hapo na kazi inaishia hapo.

Kinachofuata ni pini. Kuna pini zenye mistari iliyoinuka ambazo kazi yake ni kushika, na kuna pini laini ambazo kazi yake ni kuacha kitu kizunguke. Kwa LEGO, zile fupi nyeusi ndizo zinazoshika, na zile fupi za kijivu ni laini. Kwa seti nyingine usiamini rangi. Pitisha ukucha juu ya pini, ukihisi mistari ujue ni ya kushika. Ukimkuta mtoto ametumia pini za kushika kwenye tairi au kwenye kiungo cha mkono wa kreni, badilisha.

Halafu kuna ekseli iliyopitishwa kwenye bimu tatu au nne. Fundi mdogo anadhani tundu nyingi ndiyo uimara. Ukweli ni kwamba bimu moja ikihama hata nusu milimita, ekseli nzima inabanwa. Legeza bimu moja baada ya nyingine huku unazungusha, na ile ambayo ukiilegeza ekseli inakuwa nyepesi ndiyo yenye kosa. Mara nyingi mihimili miwili iliyo mbali kiasi inatosha, wa tatu hauongezi kitu.

Kisha angalia nywele na nyuzi. Vua tairi, toa bushi, tazama ekseli pale inapoingia kwenye tundu. Nyumba yenye zulia, au mtoto anayechezea karibu na mama anayesuka nywele, hapo lazima utavuna. Kata uzi kwa wembe mkononi mwa mtu mzima, kisha uvute kwa kibano.

Kama yote hayo ni safi, huenda unaiomba mota kazi isiyoiweza. Watoto wa huku Nyanda za Juu Kusini wakijenga lori wanataka lipande mlima Kitonga, basi wanainamisha ubao na kulitazama linavyoshindwa. Wakubwa wanashauri kununua mota yenye nguvu zaidi. Mimi nasema punguza kasi kwanza. Gia ya meno 8 ikisukuma ya meno 24, kasi inashuka hadi theluthi na nguvu ya kuzungusha inapanda karibu mara tatu, ukiondoa kinachopotea kwenye msuguano. Weka hatua mbili za namna hiyo, unapata mara tisa. Meno 8 kwa 40 ni mara tano kwa hatua moja. Anayepita Kitonga ameona malori yenyewe yanavyopanda: gia ndogo, mwendo wa kutambaa. Angalia na tairi pia. Ukiweka tairi yenye kipenyo maradufu, nguvu ya kusukuma pale chini inabaki nusu, hata kama gia ni zilezile. Mtoto aliyebadilisha tairi ili gari lipendeze mara nyingi ndiye anayelalamika wiki ileile kuwa gari limekuwa legelege.

Sasa ndipo uje kwenye betri, ambazo nazieleza mbele, na mwisho kabisa mota. Jaribu mota ikiwa peke yake, kwa betri mpya na waya mwingine kama upo. Isipozunguka kabisa, au ikizunguka huku ikitoa harufu ya kuungua, acha. Usiifungue. Ndani kuna gia ndogo sana zilizopangwa kwa hatua, na ikishafunguliwa mezani ni vigumu irudi ilivyokuwa. Mpelekee fundi elektroniki, au tafuta nyingine.

"Gia zinakwaruza, zinaruka meno"

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo ubunifu wenyewe ulipo, na makosa yake yanajirudia modeli baada ya modeli.

Sababu ya kwanza ni umbali usio sahihi kati ya ekseli mbili. Gia za mfumo huu zina uzuri mmoja: kipenyo cha duara linalogusana, kwa milimita, ni sawa na idadi ya meno. Gia ya meno 24 ina milimita 24, ya meno 8 ina milimita 8. Kwa kuwa umbali wa ekseli ni nusu ya jumla ya vipenyo, na tundu zinaachana milimita 8, tunapata kanuni fupi: jumlisha meno ya gia mbili, gawa kwa 16, jibu ndilo idadi ya nafasi za tundu.

Nane na 24 ni 32, gawa kwa 16, nafasi mbili. Nane na 40 ni nafasi tatu. Kumi na sita na 16 ni mbili. Ishirini na nne na 24 ni tatu. Ishirini na nne na 40 ni nne. Zile gia nene zenye meno yaliyochongwa pande mbili nazo zinafuata kanuni hiyo: 12 na 20 ni mbili, 20 na 28 ni tatu, 12 na 36 ni tatu.

Ukijumlisha 16 na 24 unapata 40, na 40 kwa 16 ni mbili na nusu. Hapo ndipo mtoto anapolazimisha. Akiziweka nafasi mbili, zinagoma kuingia. Akiziweka nafasi tatu, hazigusani. Akilegeza bimu ili zikutane katikati, zinafanya kazi dakika moja kisha zinaanza kuruka. Zinahitaji kipande chenye tundu la katikati kinachosogeza ekseli nusu nafasi. Kama hakipo kwenye boksi, badilisha gia. Usibadilishe hesabu.

Sababu ya pili inawahusu wanaotumia matofali yenye vinundu juu. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, si 8. Ukipanga bimu mbili moja juu ya nyingine, tundu zao zinaachana 9.6, na hakuna gia wala bimu ya kusimama wima itakayokubali umbali huo. Weka sahani mbili nyembamba katikati. Kila sahani ina milimita 3.2, mbili ni 6.4, ukijumlisha na 9.6 unapata 16 kamili, yaani nafasi mbili za tundu. Sasa 8 na 24 zinakaa zenyewe, na unaweza kuchomeka bimu ya wima kwa pini pande zote mbili, ukaifunga fremu isitanuke. Kama kuna boresho moja tu utakalomfundisha mtoto mwaka huu, liwe hili. Modeli iliyofungwa wima hivyo inavumilia hata kuanguka mezani.

Sababu ya tatu: fremu inatanuka mzigo ukiwa mkubwa. Hesabu ni sahihi, lakini gia zinasukumana na bimu zinaachia. Kipimo chake ni rahisi. Bana fremu kwa vidole pande mbili za gia huku modeli ikifanya kazi. Mlio ukikoma, umepata jibu. Ongeza bimu inayoziunganisha zile zinazobeba ekseli, karibu na gia kadiri unavyoweza. Gia iliyoning'inia mwishoni mwa ekseli yenye mhimili upande mmoja ni ugonjwa huohuo, nayo ipe mhimili wa pili.

Nyingine ni za nadra. Meno yanalika, hasa gia ndogo za meno 8. Ukiona unga laini umelala chini yake, itupe. Seti mbili tofauti zikichanganywa, meno yanaweza kukutana vibaya kidogo, kwa hiyo gia zinazogusana ziwe za seti moja.

Kuna pia mlio ambao si ubovu. Ipo gia ya meno 24 yenye klachi ndani yake, inayoteleza makusudi mzigo ukizidi ili mota isiungue. Ikilia tra-tra-tra mkono wa kreni ukifika mwisho, inafanya kazi yake. Usiigundishe kwa gundi.

Na tafadhali, usipake mafuta ya kupikia, oili ya pikipiki wala grisi ya baiskeli. Mafuta yakikutana na vumbi letu la Septemba yanatengeneza uji unaokwangua meno, na baadhi ya mafuta ya petroli yanaifanya plastiki ipasuke. Mitambo hii imeundwa kufanya kazi mikavu. Ukilazimika, tumia grisi ya silikoni kidogo sana, kwenye gia ya parafujo tu, ile iliyosokotwa kama skrubu.

"Inakwenda dakika chache, inasimama, ikipumzika inakwenda tena"

Anza na betri. Boksi la betri sita za AA linatoa volti 9 zikiwa mpya. Betri za bei ndogo za zinki na kaboni, ambazo ndizo tele madukani, zinafaa kwa redio na saa ya ukutani. Mota inapovuta umeme mwingi, volti zake zinaanguka, ukiziacha zinajirudisha kidogo, zinadanganya tena. Tumia za alkalini. Za kuchaji za AA zina volti 1.2 kila moja, kwa hiyo sita ni 7.2. Modeli itakuwa na kasi ndogo zaidi, lakini zinavumilia mzigo vizuri na zinarudisha gharama yake.

Kosa la kawaida mno kwa watoto ni betri moja iliyogeuzwa. Boksi halizimiki kabisa. Ile iliyogeuka inafuta kazi ya mwenzake, volti 9 zinabaki 6, gari linatambaa, na betri hiyo inapata joto. Kingine ni kuchanganya mpya na za zamani, ambako zile chovu zinawachosha wengine na mara nyingi ndizo zinazovuja.

Asubuhi za Juni na Julai, hasa Njombe na Makete kunakoanguka jalidi, betri iliyolala kwenye chumba baridi inatoa nguvu kidogo. Ilete sebuleni, ngoja ipate joto la chumba, jaribu tena. Usiikaribishe jikoni kwenye mkaa.

Betri zikiwa nzuri na tatizo likabaki, huenda mota inajilinda. Mota nyingi za LEGO zina kinga ndani inayobana umeme mota ikichemka, na baada ya kupoa zinaendelea. Hiyo ni taarifa kuwa mzigo ni mkubwa mno. Rudi kwenye bushi na gia. Kama seti yako ni mpya na inaendeshwa kwa simu, hakikisha pia kwamba si simu iliyopoteza mawasiliano na boksi: taa ya boksi itakuonyesha.

"Winchi haishiki mzigo, lori linarudi nyuma kilimani"

Ukizima mota, gia za kawaida hazizuii kitu; mzigo unazizungusha kinyumenyume. Dawa yake ni gia ya parafujo. Inahesabiwa kama yenye jino moja, kwa hiyo ikizungusha gia ya meno 24 inapunguza kasi mara 24 kwa hatua moja, na mzigo hauwezi kuirudisha nyuma. Kreni, lifti na geti la reli vinaihitaji.

Ina masharti. Inakula nguvu nyingi kwa msuguano, na inasukuma ekseli yake kuelekea upande mmoja kila inapofanya kazi. Kama ekseli hiyo haijazuiwa pande zote mbili, parafujo itateleza nje ya gia na mzigo utaanguka. Ifunge kwenye boksi la bimu, au tumia kasha lake maalumu kama seti inalo. Hapa bushi inaruhusiwa kukaa karibu sana, ila isibane.

Kama parafujo ipo na mzigo bado unashuka, angalia kamba: huenda inateleza kwenye ekseli laini. Ipitishe kwenye kipande chenye tundu uifunge fundo.

"Gari linavuta upande mmoja"

Hili ni jepesi. Inua gari, zungusha kila tairi kwa kidole, linganisha. Tairi nzito ndiyo upande ambao gari linaelekea, na sababu ni bushi au nywele. Kama zote ni nyepesi, hakikisha tairi za kushoto na kulia ni za aina moja, kisha tazama stelingi ikiwa katikati kweli. Gari lenye difu, yaani gia zinazoziacha tairi mbili zizunguke kwa kasi tofauti, likinyanyua tairi moja kwenye jiwe, tairi hiyo itazunguka bure na gari litasimama. Hivyo ndivyo difu inavyofanya kazi. Ukitaka gari la matope, iondoe uweke ekseli moja nzima.

"Vipande vimelegea" au "vimegoma kuachana"

Vilivyolegea mara nyingi ni vichafu. Vumbi laini linakaa kwenye vinundu na ndani ya tundu, vipande havifiki mwisho. Osha kabla ya kulaumu. Vikiendelea kulegea baada ya kuoshwa, vimechoka au ni vya seti yenye vipimo legevu. Vipeleke sehemu zisizobeba mzigo, kama kabini na mapambo.

Vilivyogoma kuachana, sheria ni moja kwa kila mtoto: meno hapana. Kisu hapana. Sahani mbili zilizogandana zitenganishe kwa kile kibanzi cha plastiki kinachokuja na seti, au kwa kubandika tofali refu juu na lingine chini, kisha unazikunja kinyume. Ekseli iliyokwama kwenye tundu isukume kwa ekseli nyingine kutoka upande wa pili. Bado imekaza? Loweka maji ya uvuguvugu kidogo, jaribu tena.

"Vimejaa tope, vinanata, vimebadilika rangi"

Nyanda za juu zina misimu miwili ya uchafu. Kuanzia Agosti mpaka mvua za Novemba ni vumbi, na baada ya hapo ni tope. Tope lisioshwe bichi, kwa sababu maji yanalisukuma ndani ya matundu ya pini. Liache likauke, lipangue kwa mswaki mkavu nje ya nyumba, halafu ndipo uoshe.

Kabla ya kuosha, tenga mota, maboksi ya betri, taa na nyaya, sensa, vifyonza mshtuko vyenye springi za chuma, kamba na vipande vyenye stika. Hivyo havilowi. Vinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na nyuso za plastiki za mota zinaweza kufutwa kwa spiriti ya hospitali kidogo.

Vilivyobaki vitenganishe kimoja kimoja. Kuosha modeli ikiwa imeungana kunaacha maji ndani na uchafu palepale. Maji yasizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Wapo wanaosema maji ya Mbeya yanachemka mapema kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo hayana madhara. Ni kweli kwamba kwenye mita 1,700 hivi yanachemka karibu nyuzi 94, lakini hizo zinatosha kabisa kupinda plastiki. Kikombe kimoja cha maji yaliyochemka kwa vitatu vya maji ya bomba kinakupa joto linalofaa, na usipime kwa kumwagia vipande, changanya kwanza.

Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo, loweka kama nusu saa, sugua kwa mswaki laini. Kwa matundu tumia pamba za masikio. Suuza mara mbili, ukiweka vipande ndani ya mfuko wa wavu wa vitunguu ili gia ndogo zisikimbilie kwenye karo. Mashine ya kufulia hapana.

Tandaza kwenye taulo kivulini penye upepo, matundu yakitazama chini. Juu ya bati juani hapana, karibu na jiko hapana, draya ya nywele hapana. Tukuyu wakati wa mvua inaweza kuchukua siku mbili au zaidi. Usiunganishe mapema, maana unyevu uliofungiwa ndani unaleta harufu na kutu kwenye vyuma.

Gundi ya stika inatoka kwa tone la mafuta ya kupikia, ukisugua kisha ukaosha kwa sabuni mpaka mafuta yaishe kabisa. Lakini petroli, thina, mafuta ya taa na dawa ya kutolea rangi ya kucha visiguse vipande hivi, hata kama fundi gari jirani anasafishia vyake hivyo. Dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni inayeyusha plastiki hii mbele ya macho yako.

Matofali meupe au ya kijivu yaliyogeuka njano yameharibiwa na jua. Kuna watu wanayarudisha kwa haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Inafanya kazi, ila inaunguza ngozi na macho, na njano inaweza kurudi. Kwa modeli za mitambo sioni haja: gia haijali rangi.

"Vipande vinapasuka"

Tofali la kahawia au jekundu la damu ya mzee lililotengenezwa miaka ya 2000 au mwanzoni mwa 2010 linajulikana kwa kuvunjika kirahisi. Halina dawa, liweke pasipo na mvutano. Vipande vya rangi nyingine vikipasuka kwenye tundu la ekseli, tafuta sababu: jua la dirishani, mafuta ya petroli, au modeli iliyohifadhiwa miaka ikiwa imekazwa. Usigundishe kipande kinachobeba mzigo. Kitavunjika tena, na safari hii kikiacha makali.

"Boksi la betri lina unga mweupe au ukijani"

Hapa mtoto akae pembeni, mtu mzima avae glavu. Betri zimevuja. Zitoe, zifunge kwenye mfuko wa plastiki, usizitupie jalala linalochomwa moto.

Kama zilikuwa alkalini, huo unga ni wa kialkali: lowesha pamba ya masikio kwa siki au maji ya limau, gusa unga mpaka uache kutoa mapovu. Kama zilikuwa za zinki na kaboni, uvujaji wake una asidi, tumia bekingi soda iliyolowa kidogo. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kwa spiriti, acha ikauke kabisa siku nzima. Sugua vibati vinavyogusa betri kwa kifutio cha penseli mpaka ving'ae. Unga huo ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi na uende hospitali.

Kama ukijani umeingia ndani ya waya, au kibati kimekatika, kazi ni ya fundi elektroniki mwenye chuma cha kulehemu. Hivyohivyo nyaya za mota za LEGO za mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambazo ganda lake hupukutika na kuacha shaba zikigusana: usizitumie kabla hazijabadilishwa.

Seti zenye betri ya lithiamu ya kuchaji zina sheria zake. Boksi likivimba, likichemka likiwa limezimwa, au likitoa harufu tamu ya kemikali, acha kulichaji saa hiyohiyo. Liweke nje kwenye mchanga au sakafu ya saruji mbali na nguo na mapazia, usilitoboe, mpigie fundi. Chaji mchana ukiwepo nyumbani, hasa siku ambazo umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Chaja yenyewe inayochomekwa ukutani usiifungue kamwe.

Rimoti na taa ndogo za seti nyingine zinatumia betri za kidonge. Hakikisha kifuniko kina skrubu na imekazwa. Mtoto akimeza moja, au ukishuku tu kwamba amemeza, usimtapishe na usisubiri uone dalili, kwa kuwa inaanza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Mkimbize hospitali na uchukue pakiti ya betri ile ili daktari ajue aina yake.